Kiboko, Ambako Mahindi Hunyimwa Maji

Tuliondoka Nairobi kabla ya mapambazuko, mwezi wa Agosti, tukafuata barabara kuu ya Mombasa, tukaipita Emali, hadi kituo cha utafiti cha Kiboko katika kaunti ya Makueni, ambako wataalamu wa KALRO, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kilimo na mifugo, na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha kuboresha mahindi na ngano, huzalisha aina bora za mahindi kwa ajili ya wakulima wadogo. Nilijiandaa kuona mashamba yaliyostawi. Tukapelekwa moja kwa moja kwenye mahindi yenye kiu, majani yamejikunja kama mirija, na mabomba ya umwagiliaji yamelala kando, yamefungwa.

Yamefungwa makusudi. Mwenyeji wetu alieleza kwamba miezi hii haina mvua, hivyo wao ndio wenye amri juu ya kila tone; maji hukatwa takriban wiki 2 kabla ya mahindi kuchanua, ili ukame uyakute katika siku zake za udhaifu. Mbelewele, maua ya kiume kileleni mwa mmea, humwaga chavua kwa siku chache tu, na mmea wenye kiu huchelewesha ndevu, nyuzi za gunzi zinazoipokea. Zikichomoza chavua ikiwa imekwisha, gunzi huota mapengo au hutoka tupu. Nilimkumbuka mama yangu, ambaye kila mavuno mabaya aliyashika magunzi ya namna hiyo na kusema muuza mbegu amemwibia.

Kumbe ni suala la siku. Aina ambayo ndevu zake huwahi chavua ndiyo inayobakizwa. Inayochelewa huachwa, hata ikiwa na umbo la kupendeza.

Katika kitalu cha jirani, chenye maji, mama mmoja alikuwa akikung'uta mbelewele ndani ya mfuko wa kaki, akazimwagia ndevu za mmea mwingine unga wa manjano, kisha akazifunika upesi. Nilipoinama kutazama alinizuia: “Simama hapo hapo, mwanangu, shati lako limeshajaa chavua.” Zamani kupata mbegu mzazi iliyotulia, yaani isiyobadilika tabia kizazi hadi kizazi, kulihitaji vizazi 6 au zaidi; maabara iliyofunguliwa hapo mwaka 2013 huzipata kwa vizazi 2. Kuchavusha, hata hivyo, bado ni kazi ya mikono.

Tukitoka tulipita tena penye kiu. Kijana mwenye daftari alikuwa amesimama mbele ya mstari mmoja.

“Nusu ya hii ilimwaga chavua Jumatatu,” alisema. “Leo Jumamosi, ndevu bado.”

Akaandika, akahamia mstari wa pili.