Nilivyookoa nyanya zangu kwa mizizi ya biringanya

Mi nalima nyanya huku Arumeru na misimu miwili mfululizo hela yangu iliishia ardhini. Mche unakua vizuri, umeshatoa maua, mchana unaukuta umelala na majani bado ya kijani kabisa, jioni unanyanyuka kidogo, siku tatu nne umeshakufa. Nilipiga dawa za ukungu mpaka nikachoka. Bwana shamba mmoja ndo akanionyesha, akakata shina karibu na mizizi akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, tukatulia, tukaona uzi mweupe kama maziwa unashuka. Mnyauko bakteria huo, unakaa kwenye udongo miaka na hakuna dawa ya kupulizia itakayoutoa.

Kilichonisaidia ni kubebesha nyanya juu ya biringanya, yani unaunga kichwa cha mche wa nyanya kwenye shina la biringanya lenye mizizi. Kuna biringanya ambazo mizizi yake inavumilia huyo bakteria, hata maji yakituama haiozi haraka, na waliozichambua ni watafiti wa World Vegetable Center kule Shanhua, Taiwan, wana benki ya mbegu yenye sampuli zaidi ya 60,000 kutoka nchi nyingi sana, mojawapo ya walizopendekeza inaitwa EG203. Na wana kituo hapa hapa kwetu Arusha toka 1992! Nyanya asili yake Amerika Kusini, biringanya ya Asia, ila ni ukoo mmoja pamoja na mnavu na ngogwe zetu, ndo maana zinashikana.

Sasa kazi yenyewe. Biringanya inakua taratibu kwahiyo unaisia kama siku tatu kabla ya nyanya. Mashina yakilingana unene, kama milimita mbili hivi, unakata yote mshazari kwa wembe safi, unayakutanisha, unayashika na kamrija ka mpira. Halafu yanakaa kwenye kibanda cha nailoni chenye kivuli na unyevu wiki nzima. Hapo ndo nilikosea mwanzo, nilifungua siku ya tatu nione yanaendeleaje, kati ya miche 60 nikabaki na 14. Mara ya pili nikavumilia, nikawa nafungua kidogo kidogo kuanzia siku ya sita, ikapona miche 47.

Shambani kile kidonda, pale ulipounganisha, lazima kikae juu ya udongo, ukikifukia nyanya inatoa mizizi yake yenyewe na mnyauko unaingia tena, yani umefanya kazi bure. Na machipukizi ya biringanya yang'oe kila ukiyaona. Nilipanda mstari mmoja wa nyanya za kawaida pembeni nilinganishe, ule ulikwisha wote, zilizobebeshwa nikachuma mpaka mwisho wa msimu.

Siku hizi nikiona mtu anatupa mbegu za ngogwe za kienyeji naumia kweli, hujui ndani kuna kinga ya nini, kuna mkulima wa mbali atakuja kuihitaji kama mimi nilivyoihitaji biringanya ya kwao. Za bibi yangu nimezikausha kwenye majivu, nimeweka chupa mbili, moja ya kupanda na moja nawapelekea pale kituoni.