Ukituma PS4 nyumbani Kisumu, tuma na bisibisi yake

PS4 iliyotumika, ile mashine ya gemu ya Sony, hupatikana kwa bei ya kawaida huku ughaibuni, ndiyo maana wengi wetu humpelekea mdogo wetu au mpwa. Wengine huituma ikafungue kibanda cha gemu Kondele, Nyalenda au Kaptembwa kule Nakuru. Miezi michache baadaye ujumbe wa sauti unaingia WhatsApp: feni inapiga kelele, mechi inakatika katikati, taa imekuwa nyekundu. Wa nyumbani wanasema umetuma mashine mbovu. Mara nyingi si mbovu. Ilitoka huku ikiwa tayari imejaa vumbi la miaka mingi ya sebule ya mtu mwingine, na baridi ya huku ndiyo iliyokuwa ikilificha tatizo.

Hesabu yake ni rahisi. PS4 imetengenezwa kufanya kazi mahali penye joto la nyuzi 5 hadi 35. Sebule ya Uingereza ikiwa na nyuzi 19, hata mashine iliyozibika nusu inapumua. Ipeleke chini ya mabati Nyalenda saa nane mchana, chumba kifike nyuzi 34, na prosesa, yaani chip kuu ya mashine, nayo itapanda karibu nyuzi hizo hizo 15 zilizoongezeka, feni ikiwa na kasi ile ile. Halafu kuna mwinuko. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850. Hewa ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban moja ya sita, kwa hiyo kila mzunguko wa feni unabeba joto pungufu kuliko ungebeba Mombasa. Nakuru inajiokoa kwa ubaridi wake. Kisumu haina msaada huo.

Ongeza na wadudu. Wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku huvutwa na feni kupitia mwanya ulio ubavuni mwa PS4, wakafia ndani na kushikana na vumbi. Mende nao hupenda pawa saplai kwa sababu ina joto hata mashine ikiwa imepumzishwa tu. Anayefungua mashine ya kibandani asishangae akiwakuta.

Kabla hujamwambia mtu afungue chochote, muulize mashine inazima vipi. Yenye joto hutoa onyo: feni inapanda kelele kwa dakika kadhaa, ujumbe unatokea kwenye skrini kusema PS4 imepata joto kupita kiasi, kisha taa ya mbele inageuka nyekundu. Inayozima ghafla bila ujumbe, feni ikiwa tulivu, ichunguze upande wa stima na pawa saplai kwanza. Taa ya buluu inayopepesa bila kufika nyeupe ni ugonjwa mwingine kabisa, usafi hautauponya. Na kama mashine inapata joto upesi huku hakuna sauti yoyote ya feni, feni imekufa au kuna kitu kimeikwamisha.

Muda nao unaeleza mengi. Iwashwe ikiwa baridi kabisa. Ikizima ndani ya dakika tano au kumi za mchezo mzito, shuku pesti ya joto iliyokauka, ile ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kuipoza. Ikidumu saa nzima ndipo ilalamike, kwa kawaida ni vumbi au mahali ilipowekwa. Wala asikuambie haiwezi kuwa joto eti ilizima ikiwa kwenye menyu. Kuna michezo ambayo menyu na ramani zake huchosha prosesa kuliko uwanja wenyewe, kwa kuwa hakuna kinachoizuia kuchora picha kwa kasi yote iliyo nayo.

Kuhusu stima, sisi wa Uingereza tuna bahati: plagi ni ile ile ya pini tatu na volti zinakaribiana, 230 huku na 240 Kenya. Walio Marekani wasome kibandiko cha nyuma kabla ya kufunga mzigo. Kikiandikwa 100–240V, transfoma haihitajiki. Inunuliwe tu kebo ya umbo la nane, ile ya redio, yenye plagi ya Kenya. Xbox 360 ya Marekani ni hadithi tofauti. Kitofali chake cha nje kimeandikwa volti 100–127, na ukikichomeka kwenye 240 umemaliza kazi siku hiyo hiyo. Halafu pale nyumbani iwekwe nyuma ya gadi ya TV inayosubiri dakika chache kabla ya kurudisha umeme. Volti zikishuka sana pawa saplai huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kutoa nguvu ile ile, na hilo lenyewe ni joto. Kakamega na Kisii, ambako radi si mchezo, mvua ikianza ngurumo achomoe plagi pamoja na kebo ya HDMI, maana TV yenye antena ya nje inaweza kuleta pigo kwa mlango wa nyuma.

Sasa vifaa. Bisibisi muhimu ni ya Torx ya usalama namba 8, yaani nyota ya pembe sita yenye tundu dogo katikati ya ncha. Bila tundu hilo haiingii, na ukilazimisha unakula kichwa cha skrubu. Ongeza ya msalaba, PH1. Pesti ya joto, sindano ya gramu 4 ya Arctic MX-4 au inayofanana nayo, inatosha mashine kadhaa. Bisibisi iende kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi. Mkebe wa hewa iliyoshindiliwa usiuweke kwenye begi lolote, ndege haziruhusu. Spiriti ya kusafishia, isopropili ya asilimia 99, inawaka moto, kwa hiyo inunuliwe huko huko kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki. Asikubali kuuziwa spiriti ya kidonda badala yake: huwa na maji na mara nyingi mafuta, na mafuta hayo yanabaki juu ya prosesa. Brashi mpya ya rangi ya inchi moja na vijiti vya pamba, basi.

Maelezo yafuatayo ni ya PS4 ya kwanza, ile nene, ambayo namba yake nyuma inaanza CUH-10, 11 au 12. Kati ya PS4 za baadaye, Slim ni CUH-2 na Pro ni CUH-7; zinafunguka kwa njia tofauti, ingawa usafi wenyewe ni ule ule. Mwambie akutumie picha ya kibandiko kabla ya kushika bisibisi.

Achomoe kila kitu na kuiacha nusu saa. Atoe diski iliyomo kwanza, kisha atelezeshe kifuniko cha juu kinachoficha diski kuu (hard disk), aitoe diski hiyo aiweke kando. Nyuma kuna skrubu kadhaa, baadhi zikiwa chini ya stika. Zikitoka, mashine inageuzwa juu chini na ganda la chini linanyanyuliwa kuanzia nyuma. Hapo utaona boksi jeusi la pawa saplai na feni duara. Skrubu za pawa saplai hazilingani urefu, kwa hiyo achore umbo la mashine kwenye karatasi na achomeke kila skrubu mahali pake. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu fupi inaweza kutoboa kisichofaa kutobolewa. Boksi linanyanyuliwa wima kwa sababu limekaa juu ya ncha mbili za chuma, na upande wa chini lina kebo ndogo inayotaka kuchomolewa taratibu kwa kushika kiunganishi, si nyaya. Boksi hilo halifunguliwi. Ndani yake kuna kapasita yenye zaidi ya volti 300 ambayo inaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa. Mende waliomo wapulizwe watoke kwa matundu yake tu.

Pawa saplai ikitoka, mapezi ya chuma cha kupozea yanaonekana, na hapa ndipo mafundi wengi wa haraka wanapokosea. Wanapuliza nje, wanaona vumbi likiruka, wanalipwa. Kumbe uchafu wenyewe umelala kati ya feni na mapezi kama kipande cha blanketi, na upepo wa nje unausukuma ndani zaidi. Lazima ung'olewe kwa brashi au koleo dogo la nyusi, kisha mabaki yapulizwe kuelekea upande ilipo feni. Feni ishikwe kwa kidole wakati wa kupuliza. Ikizungushwa kwa kasi kupita iliyopangiwa, beringi zake zinaumia, na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Pampu ya kujazia matairi petroli stesheni isikaribie mashine hii: hewa yake hubeba maji na mafuta. Blowa ndogo ya mafundi wa simu, ikiwa bila joto, inafaa kabisa.

Kwa mashine nyingi, hatua hiyo inatosha. Funga, jaribu kwa saa moja. Kubadilisha pesti ni kazi ya pili, na sishauri ifanywe na mtu anayeshika bisibisi kwa mara ya kwanza huku akifuata video yako ya WhatsApp inayokatika kila bando likiyumba. Ila kwa aliye na mkono mtulivu: kufika kwenye prosesa ni lazima utoe kisoma diski na kebo zake bapa, uchomoe waya mwembamba wa antena ya Wi-Fi, ufungue skrubu nyingi za bati la kinga, kisha kibanio cha chuma chenye skrubu mbili kinachoikandamiza prosesa. Zile mbili zinalegezwa kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule, na kukazwa vivyo hivyo. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, prosesa inabanwa kwa pembe, na ndipo unasikia mtu akisema "nilibadilisha pesti ikawa mbaya zaidi."

Pesti ya zamani futa kwa karatasi laini na isopropili hadi chuma king'ae na kioo cha prosesa, yaani uso wake unaong'aa, kionekane. Usiikwangue kwa kisu. Tia mpya ya ukubwa wa punje kubwa ya mchele katikati, uisambaze iwe utando mwembamba unaofunika kioo chote. Kazi yake ni kujaza mianya midogo tu. Ikiwa nene inazuia joto badala ya kulipitisha. Vipande laini vya mpira vilivyo juu ya chip za kumbukumbu virudi mahali pake. Kikichanika, kipimwe unene na kinunuliwe cha unene ule ule. Kinene zaidi kinaweza kuzuia bati lisikae sawa, na prosesa ikabaki bila mguso mzuri.

Ikifungwa isiwake hata taa, pawa saplai haijaingia vizuri kwenye zile ncha mbili. Ikiwaka ikazima mara, angalia kebo ya feni. Ikikataa kuvuta diski, kebo bapa ya kisoma diski imekaa upande.

Pa kuiweka ni nusu ya kazi. PS4 nene huvuta hewa ubavuni na kuitema nyuma, kwa hiyo ipate angalau sentimita 10 nyuma na isiingizwe kwenye kabati la TV. Kibandani iwekwe kwenye rafu ya juu kiasi, mbali na sakafu ya vumbi, lakini si karibu na mabati. Kile kitambaa cha kufumwa ambacho mama ameipambia kitolewe kwa heshima. Mashine ya kibandani inayocheza kutwa isafishwe kila baada ya miezi mitatu. Ya sebuleni, mara moja au mbili kwa mwaka.

Na kama bado hujanunua, kwa kibanda tuma Slim. Ile ya kwanza hula karibu wati 140 katika mchezo mzito, Slim karibu nusu ya hapo kwa michezo ile ile, kwa kuwa chip yake ni ya nanomita 16 badala ya 28. Joto ambalo halikuzalishwa halihitaji feni, na tokeni za stima zinadumu. Pro ina picha nzuri lakini chini ya mabati inajitesa bure.

PS5 usimruhusu mtu aifungue hadi kwenye prosesa. Badala ya pesti ina metali ya majimaji inayopitisha umeme na kula alumini. Tone moja likidondokea bodi, mashine imekwenda. Vifuniko vyake vya pembeni hutolewa bila bisibisi, na ndani kuna matundu ya kunyonyea vumbi kwa vakyumu. Aishie hapo.

Fundi akipendekeza kuichoma bodi kwa hitigani, ile bunduki ya hewa moto, ili "chip ijishike tena", mwambie airudishe kama ilivyo. Dawa hiyo ilivuma enzi za Xbox 360 na taa zake tatu nyekundu, na mashine nyingi zilizotibiwa hivyo zilirudi kufa baada ya wiki au miezi. Mwombe picha ya mapezi kabla na baada ya kusafisha. Anayeyajua haya ataituma bila kuuliza ni ya nini.