Wahudumu wa kujitolea ndio walioibeba shehia yetu wakati wa korona

Watu wakikaa barazani kuzungumza korona siku hizi utasikia viwanja vya ndege vilifungwa, watalii walipotea, mahoteli ya Unguja yaliwarejesha vijana wetu majumbani bila mshahara, na yote kweli yalitukuta. Lakini mie nikiukumbuka ule wakati hapa Pemba wa mwanzo kunijia ni shangazi yangu na wenzake, wale wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba na mkoba begani na simu mkononi. Sijaona mtu akawaandika inavyostahiki. Kwenye hotuba wanatajwa mwisho kabisa, "na wahudumu wetu wa jamii", basi, watu wanapiga makofi wanaondoka. Na mie naamini bila wao shehia yetu, yaani eneo letu lililo chini ya sheha, ingepata tabu kubwa zaidi, na walichotuokolea ni ile kazi ambayo walikuwa wanaifanya miaka mingi kabla hatujalisikia jina la korona.

Kwa asiyewajua, hawa si madaktari wala manesi. Ni watu wa hapahapa, wengi akinamama, shangazi yangu mwenyewe analima mwani na asubuhi anauza vitumbua. Leo kuna mpango unaitwa Jamii ni Afya, wa Wizara ya Afya pamoja na shirika la D-tree, umefika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba na wahudumu wake ni zaidi ya 2,000. Kila mmoja ana nyumba zake. Anamfata mama tangu mimba mpaka mtoto afike miaka mitano, simu inamwambia amuulize nini, kichwa kinakuuma? miguu imevimba? mtoto anacheza tumboni? na jibu likiwa baya simu inamwambia huyu apelekwe kituoni leo leo. Mtoto akirukwa na chanjo anajua. Mama akijifungulia nyumbani anajua. Yaani mtaani kwetu yule bibi anajua mambo ambayo daktari wa wilaya hawezi kuyajua hata akae ofisini mwaka mzima.

Sasa turudi Machi 2020. Tarehe 16 Bara wakatangaza mgonjwa wa mwanzo kule Arusha, siku chache baadae na sisi Zanzibar tukatangaziwa wetu, mgeni kutoka Ujerumani. Skuli zikafungwa, ndege za nje zikasita, sampuli zikawa zinapelekwa Dar es Salaam ndio majibu yarudi, na huku Pemba watu macho yote yako bandarini Mkoani na Wete, na zile bandari bubu ambazo kila mtu anazijua, nani kashuka usiku na dau kutoka Tanga, nani kaja kutoka mjini. Sheha akasema mgeni akifika aarifiwe. Hapo ndipo ilipoanza hofu ambayo kwangu mie ilikuwa mbaya kuliko maradhi yenyewe, mtu mtoto wake wa kuzaa karudi kutoka Unguja baada ya hoteli kufungwa halafu majirani wanampita mbali kama muhalifu.

Na hofu ikaingia hospitali. Hichi ndicho watu hawakizungumzi. Ilienea maneno kwamba ukienda kituoni na homa unachukuliwa unafungiwa, na ukienda mzima unarudi nayo. Basi kituo chetu kilichokuwa kimejaa akinamama na watoto siku za kiliniki kikawa kitupu, manesi wamekaa, mizani ya watoto inaning'inia. Lakini mimba haisubiri korona ipite na surua haikuacha kuwepo kwa sababu kuna virusi vipya. Mtoto aliyerukwa na chanjo mwezi ule ni hatari ya miaka inayokuja, na mama mwenye presha ya mimba anayekaa ndani kwa kuogopa kituo anaweza kufa kwa kitu ambacho dawa yake ipo na ni bure.

Nilikuwa nyumbani kwa shangazi siku aliyotoka kumfata mama mmoja jirani, mimba ya miezi minane, mume wake kasema haendi popote. Nikamfata nyuma. Hakuingia ndani, alisimama uani mbali kidogo na barakoa ya kitambaa aliyoishona mwenyewe, akapiga hodi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu Bi mkubwa, shikamoo. Lakini sisi hatuendi huko, baba Asha kashasema."

"Marahaba mwanangu. Mwite baba Asha nizungumze nae yeye."

Akaja yule bwana, kamkunjia uso. Shangazi hakumkaripia wala hakumhubiria korona hata kidogo. Akamuuliza, mwanangu, yule Asha wako alipopata degedege usiku ule nani alikuja na wewe mpaka Chake? Yule bwana akanyamaza kisha akasema, ni wewe shangazi. Akamwambia basi na kesho nitakuja asubuhi, tutakwenda pamoja, mimi mbele, mkeo kati, tunanawa tukifika na tunanawa tukirudi, na pale kituoni wameweka wenye kikohozi upande wao na waja wazito upande wao nimekwenda nikatizama kwa macho yangu. Asubuhi wakenda. Presha ilikuwa juu, akapelekwa hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani, akajifungua salama alhamdulillah, mtoto sasa anasoma.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu pale ndipo kila kitu kilipo. Bwana yule redio anayo, matangazo alikuwa anayasikia kila saa, mabango yalikuwa yamebandikwa mpaka kwenye mti wa mwembe wa sokoni. Hakuna hata kimoja kilichomtoa. Kilichomtoa ni mtu aliyekuwa anamdai wema. Imani ya namna ile huwezi kuinunua mwezi wa Machi maradhi yashafika, lazima uwe nayo tayari.

Na sisi visiwani tulikuwa nayo, kwa sababu tumepigwa sana. Kipindupindu kimetuanza tangu 1978, kikawa kinaondoka kinarudi. Mwaka 2009 ilikuja chanjo ya kunywa, dozi mbili, kwenye baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, Mwambe huku kwetu na Chumbuni kule mjini zikiwemo, watu karibu 24,000 wakamaliza dozi zote mbili, na watafiti baadae wakaona hata majirani ambao hawakunywa walipata kinga kiasi kwa sababu waliowazunguka wamekunywa. Dozi ile ya pili watu waliifata kwa kukumbushwa na nani unafikiri? Halafu kile kipindupindu cha 2015 mpaka 2016, wagonjwa zaidi ya 4,000, sote tunakikumbuka.

Tena kuna dawa za matende, tangu 2001 zinagaiwa nyumba kwa nyumba. Kuna kichocho, wanakuja na ile fimbo ya kupimia urefu wajue upewe vidonge vingapi. Kuna malaria, ambayo kwa Zanzibar imeshushwa mpaka wenye nayo wakawa chini ya asilimia moja ya watu, na moja katika mambo yaliyofanya hivyo ni kuwa mtu akikutwa nayo kituoni taarifa inatumwa kwa simu, ofisa wa malaria wa wilaya anapanda pikipiki anakufata mpaka kwako kuwapima na wengine wa nyumba ile. Kwa hivo dunia ilipoanza kusema habari ya kufatilia waliokutana na mgonjwa kama kitu kipya, sisi huku wazee walikuwa wanajua, aah, kama vile wa malaria wanavyofanya. Tuna mpaka maabara yetu Wawi, ile ya Ivo de Carneri, iko tangu 2000 inafanya utafiti wa maradhi haya haya ya visiwani. Hatukuwa watu wa kuanza sifuri.

Sehemu iliyoniuma ilikuwa maji. Kila mlango wa duka ndoo yenye mfereji na kipande cha sabuni, kila msikiti watu wanaambiwa watie udhu nyumbani waje na misala yao, vizuri kabisa. Lakini kuna mitaa mfereji unatoa maji usiku wa manane au hautoi kabisa, na maji yale ya kunawa ya dukani yalibebwa kichwani na mwanamke au mtoto wa kike kutoka kisimani. Unamwambia mtu anawe mikono kila baada ya muda na dumu moja nyumba ya watu tisa? Shangazi alikuwa anawafundisha kunawa kwa kata, mmoja anamimina mwengine ananawa, yanayomwagika yanakwenda kwenye mgomba. Ni akili nzuri lakini haitakiwi iwe ndio mpango wa nchi. Ndoo zile baada ya miezi zikapasuka, sabuni ikaisha, nyingi zikageuka za kutilia urojo. Mwenye kutaka tujiandae na maradhi mengine aanze na mfereji.

Halafu ikaja ile kimya. Mwanzoni mwa Mei 2020 Tanzania ikasita kutoa takwimu, namba ya wagonjwa ikabaki pale pale 509, na watu wakafahamu kuwa yamekwisha. Barakoa zikavuliwa. Shangazi na wenzake ndio waliokuwa kwenye wakati mgumu pale, maana mtu anakuuliza, we Bi mkubwa bado unatuambia tukae mbali mbali, mbona redioni hawasemi tena? Aliniambia yeye alikuwa anajibu hivi tu, mimi naangalia nyumba zangu, wazee watatu wanakohoa. Hakubishana na mtu.

Na wale wazee wanaokohoa wakaongezeka mwanzo wa 2021. Kila msiba unaokwenda unaambiwa nimonia, changamoto ya kupumua, watu wanajifukiza kwa majani ya mchaichai na mkaratusi. Ndipo chama cha ACT Wazalendo tarehe 31 Januari wakatangaza wazi kuwa Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wao na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona. Wazi kabisa. Tarehe 17 Februari akafariki Muhimbili, akaletwa kuzikwa kwao Mtambwe. Siwezi kueleza Pemba ilivyokuwa siku ile, watu wazima wanalia barabarani. Ila nataka niseme hili, kule kutangazwa kwake kulifungua midomo. Baada ya hapo mtu aliweza kusema baba yangu pia alikuwa nayo, bila ya aibu, na shangazi anasema wiki zile ndio watu walianza kumuita wenyewe, njoo mtizame huyu bibi, pumzi zake sizifahamu. Ukweli ukisemwa na wakubwa kazi ya mdogo inakuwa nyepesi mara mia.

Chanjo ya korona ilipokuja mambo yalikuwa yale yale ya baba Asha. Mama Samia, mtoto wa Kizimkazi, alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, ile ya Janssen ya sindano moja, na ilisaidia, lakini kwenye simu zetu zilikuwa zinapita sauti za watu wanasema utakuwa tasa, utakufa baada ya miaka miwili. Vijana ndio waliokuwa wagumu khasa. Shangazi alichanjwa, akapata homa usiku mmoja, na akawaambia watu kuwa amepata homa. Wengine walimshauri asiseme. Yeye akasema nikificha homa ya usiku mmoja wataniamini vipi kwa kubwa? Nikimsikiliza nikaona ndani ya sentensi ile kuna somo zima la afya ya jamii ambalo watu wanalisafiria ng'ambo.

Sasa kinachonikera, na nakisema kwa moyo wote. Hawa watu wanaitwa wa kujitolea mwaka wa ngapi huu? Posho ndogo, inachelewa, kuna wakati hakuna kabisa mpaka mradi mwengine uje. Viatu vyao, mwavuli wa masika wao, chaji ya simu wao, sabuni waliyoitumia 2020 wao. Mtu analala njaa ya mwani uliokufa kwa joto la bahari halafu asubuhi anakwenda kumpima mtoto wa jirani mkono kama ana utapiamlo. Na wakichoka wakiacha, na nawajua walioacha, ile imani haihami kwa atakayekuja, inabidi ianze upya miaka mengine kumi. Shirika la Afya Duniani, WHO, walitangaza Mei 2023 kuwa dharura ya korona imekwisha, lakini Januari 2025 maradhi ya virusi vya Marburg yalithibitishwa Kagera, Machi yake mpox, ile homa ya nyani, ikathibitishwa nchini, na boti zinakuja kila siku. Mlango utakaogongwa ni ule ule na wa kuugonga ni yule yule.

Wanatakiwa walipwe, wawekwe kwenye bajeti kama anavyowekwa nesi, kila mwezi, wawe na fungu lao lisilotegemea mfadhili kaamkaje. Hilo ndilo ninalolitaka na nimelisema kwenye mkutano wa shehia mbele ya sheha na diwani. Huku tukisubiri, mtaani kwetu tumepanga wenye maduka watoe sabuni kila mwezi na kijana mmoja mwenye sola anawachajia simu bure wahudumu wote wa shehia. Kama hujui mhudumu wa nyumba yako ni nani, muulize sheha wako, kisha mfate umuulize yeye anapungukiwa na nini, maana ukingoja aseme mwenyewe hatosema.