Lofoten Mwezi wa Februari: Kamera Kati ya Theluji na Chumvi

Visiwa vya Lofoten viko kaskazini mwa Norwei, latitudo ya nyuzi 68 hivi, juu ya Mzingo wa Aktiki. Ukiitazama ramani utadhani huko kila kitu kimeganda. Kumbe mkondo wa maji ya vuguvugu wa Atlantiki unapita hapo hapo pwani, na Februari kipimajoto hucheza karibu na sifuri: asubuhi theluji kavu, mchana tope la theluji, usiku barafu. Kwa mpiga picha, hali hiyo ni ngumu kuliko baridi kali ya bara. Baridi kavu inakumalizia betri. Hapa vitu vinalowa. Mipango yetu, kuanzia upakiaji wa gari hadi namna ya kuingia ndani usiku, ilikuwa ya kupambana na maji.

Tulishukia uwanja wa ndege wa Evenes, kundi letu likagawana magari na kushika barabara ya E10 kuelekea magharibi. Tangu mwaka 2007 njia hiyo haina haja ya feri. Ni madaraja na mahandaki mpaka kijiji cha Å, inakoishia. Hadi kijiji cha Reine ni karibu kilomita 300, na wakati wa baridi ni mwendo wa saa tano au zaidi. Tairi ziwe za misumari. Anayeendesha aendeshe tu, anayekaa pembeni ndiye asome hali ya hewa na taarifa za barabara, maana dhoruba au hatari ya poromoko la theluji huifunga E10 mara moja. Tulikubaliana pia kwamba hakuna kusimama kando ya barabara hata mwanga uwe mzuri kiasi gani. Gari la kusukuma theluji ni pana, na likikukuta kwenye kona halina pa kukukwepea. Egesha penye maegesho, urudi kwa miguu.

Mikoba ya kamera ilikaa kwenye buti, mbali na joto la gari. Sababu ni hii: kamera iliyopoa ikiingia kwenye hewa ya joto yenye unyevu, unyevu huo unatua juu ya kioo kama umande, na mwingine unajipenyeza ndani. Ukiitoa tena nje, umande unageuka barafu. Ukishuka na kupanda gari mara nyingi kwa siku, lenzi haikauki kamwe. Iache ibaki na baridi mchana kutwa. Betri ndizo zinazotaka joto: zibebe tatu au nne, mfuko wa ndani, karibu na kifua. Betri inayosoma sifuri nje mara nyingi hurudisha chaji kidogo ikishapata joto, kwa hiyo usiitupe chini ya mkoba ukaisahau.

Asubuhi ya kwanza ya kupiga ilikuwa kijijini Hamnøy, pale darajani, nyumba nyekundu za wavuvi zikiwa juu ya mwamba na mlima Festhelltinden nyuma yake. Mwanzoni mwa Februari jua huchomoza yapata saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri, na adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi sita hivi. Faida yake ni mapambazuko marefu. Zanzibar kupambazuka hakuchukui hata nusu saa; Lofoten ule mwanga wa buluu hukaa zaidi ya saa nzima. Kuna dakika chache katikati yake ambapo taa za madirishani na anga vinalingana kwa nguvu, na hapo ndipo pa kupiga. Kabla ya hapo taa zinaunguza picha, baada ya hapo zinapotea. Lenzi ya milimita 24 hadi 35 inatosha, f/8 (upana wa tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata (muda inaobaki wazi kupokea mwanga) sekunde kadhaa. Tatizo ni daraja lenyewe: lori likipita linatikisika na mistari ya mbao inakuwa maradufu. Subiri lipite, au panda ISO 400 ili shata ishuke hadi sekunde moja. Zima kitulizaji cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko, ukiwa kwenye tripodi, tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili, na usinyanyue nguzo ya katikati. Mkoba ukiuning'iniza kwenye tripodi ili kuiongezea uzito, ufanye uguse chini. Ukibembea kwa upepo utaitingisha.

Theluji inaidanganya kamera. Kipima mwanga kimewekwa kuifanya dunia iwe ya kijivu cha wastani, kwa hiyo uwanja mweupe unatoka kama saruji. Fidia kwa stopu moja hadi moja na theluthi mbili juu (kila stopu ni mwanga maradufu), kisha angalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia: mlima wake uegemee kulia bila kugonga ukuta. Rangi ya buluu kwenye vivuli vya theluji iache. Anga ndilo linaloviangaza, na ukiifuta kabisa kwenye kompyuta picha inakufa. Theluji ikiwa inaanguka, shata ya sekunde 1/250 inasimamisha chembe hewani, ya 1/30 inazigeuza mistari.

Ufukwe wa Skagsanden ulitushughulisha zaidi ya mahali pengine. Mchanga wa pale umechanganyika mweusi na mweupe, na maji yakipwa yanaacha michoro kama mizizi ya mti. Angalia jedwali la maji kupwa na kujaa kabla ya kutoka. Tulifika maji yakianza kupwa, wakati wa bamvua, na eneo la kufanyia kazi lilikuwa pana. Kinachotafutwa ni ile mistari myeupe wimbi linaporudi baharini. Shata nusu sekunde hadi sekunde moja, f/11, ISO 100, na mwanga ukizidi weka kichujio cheusi cha stopu tatu au sita. Bonyeza pale wimbi linapogeuka, si linapokuja. Linapokuja unapata povu lisilo na umbo.

Hapo ndipo tripodi nyingi zinapoharibu picha bila mwenyewe kujua. Wimbi likipita kwenye miguu linachimba mchanga, tripodi inazama milimita chache huku shata iko wazi. Ikandamize chini, acha wimbi moja lipite, ikandamize tena, kisha piga. Vuta kwanza kipande cha chini kabisa cha mguu, kilicho chembamba, ili vifungo vibaki juu ya maji na mchanga. Matone ya bahari yakirukia lenzi, usiyafute kwa kitambaa kikavu: chumvi ikikauka ni punje, inakwaruza na kupaka utando. Tia maji kidogo yasiyo na chumvi kwenye kitambaa cha kwanza, gusa taratibu ukianzia katikati kwenda nje, kisha kausha kwa kitambaa cha pili. Na kila wakati mmoja wetu alikuwa hapigi, anatazama bahari tu. Wimbi kubwa linakuja bila taarifa, na mwenye jicho kwenye kamera halioni.

Kundi lina adabu zake. Kwenye theluji mbichi, wote walipiga picha pana kwanza, ndipo mtu akaruhusiwa kusogea mbele, tena kwa kupita nyayo za aliyetangulia. Ufukweni Uttakleiv usiku, tukingojea aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani, taa za kichwani zilizimwa. Anayetaka kuwasha anauliza, na anawasha shata za wenzake zikishafungwa. Taa nyekundu nayo inachafua picha ya jirani.

Aurora yenyewe haihitaji dhoruba kubwa, maana Lofoten iko chini ya ukanda wake. Anga jeupe bila mawingu ndilo adimu. Tulitumia lenzi za milimita 14 hadi 20, f/2.8, ISO 1600 hadi 3200. Ikitulia, sekunde nane au kumi. Ikicheza haraka, mbili au tatu, la sivyo pazia lote linakuwa ukungu wa kijani. Mizani ya weupe, mpangilio wa rangi ya mwanga kwenye kamera, Kelvini 3,800 hivi. Fokasi iweke kwa mkono juu ya nyota, ukiikuza kwenye skrini mara kumi, kisha bandika ringi kwa utepe. Punguza mwanga wa skrini: gizani picha hafifu inaonekana angavu, na asubuhi unakuta faili nyeusi. Hapo pia histogramu ndiyo ya kuaminiwa.

Mavazi ni sufu mwilini, kamwe si pamba, kwa sababu pamba inashika jasho na ukisimama saa mbili ufukweni unatetemeka. Glavu nyembamba ndani, nene juu. Mabuti ya mpira kwa ufukweni, na misumari ya kuvalisha viatu kwa maegesho, ambako ni rahisi kuteguka. Mlima Reinebringen, ulio juu ya Reine, tuliuacha: wakati wa baridi ngazi zake zinafunikwa na maporomoko ya theluji hushuka upande huo.

Kabla ya kuingia ndani kila jioni, tukiwa bado nje, tulitoa kadi na betri, kisha kamera ikaingia kwenye mfuko wa plastiki, hewa ikakamuliwa na mdomo ukafungwa. Mfuko haufunguliwi kwa saa moja au mbili, hadi kamera ipate joto la chumba. Umande unabaki nje ya plastiki. Kwa kuwa kadi mnayo, picha mnazitazama huku mnasubiri. Tripodi nayo inafunguliwa vipande vyote na kusuuzwa kwa maji baridi ya bomba, halafu inaachwa wazi ikauke usiku kucha. Ukiifunga na chumvi ndani, safari ijayo vifungo havizunguki.