Jinsi nilivyoondoa michirizi kwenye video za kadi

Video za kadi za Pokémon zilizorekodiwa usiku Ngamiani, Tanga, zilijaa michirizi myeusi inayopanda na kushuka. Simu haikuwa mbovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Video ya fremu (picha) 30 kwa sekunde haiendani nazo.

DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ina zana ya kufuta mpepeso, ila iko kwenye toleo la kulipia. Bora kuzuia mapema kwa Blackmagic Camera, programu ya simu ya kurekodi video ambayo ni bure: fremu 25, kasi ya shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ifungwe isijibadilishe. Michirizi ikakoma.

Mng'ao wa kadi za foili hautaki programu. Simu ikae juu ya kadi, taa uisogeze pembeni, nyuzi 45.