Brosha Iliyopishana Rangi

Binti wa dada yangu kaniandikia jana usiku: "Mjomba, multimedia ina ajira?" Shikamoo hakuna, habari za kwako hakuna. Kamaliza kidato cha nne, kuna chuo kimemrushia orodha ya kozi kwa WhatsApp, na mama yake kamwambia aniulize mimi kwa kuwa ndiye niliyetangulia kupotelea huko.

Sijamjibu. Nimebaki naikumbuka ile brosha.

Ilikuwa 2010, Tanga, nimemaliza kidato cha sita kwa matokeo ya kusifiwa kwa sauti ya chini. Baba alikuwa keshaamua: ualimu. Shule za kata zimejengwa kila mahali, walimu hakuna, ukitoka chuoni unapangiwa kituo. Mimi nina brosha ya multimedia ya chuo kimoja cha Dar, karatasi nzito ya kung'aa. Nyuma wameorodhesha uchoraji, upigaji picha, uhariri wa video, uhuishaji, sauti, kurasa za wavuti. Chini yake kazi utakazopata, nyingi mpaka zimekosa nafasi zikapunguzwa ukubwa wa herufi. Baba aliisoma yote, akavua miwani.

"Haya. Utaajiriwa na nani?"

Swali la haki kabisa. Waliokuwa wakilipwa kwa kuchora kwenye kompyuta mjini kwetu walikuwa wenye stesheneri, na wao hawakuajiri mtu zaidi ya mpwa wao. Ami, mdogo wake baba, ndiye aliyeamua ugomvi. "Twende kwa fundi tukamuulize. Yeye yumo humo humo."

Fundi huyo wa kuchapa alikuwa na chumba kimoja Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Mwaka wenyewe wa uchaguzi, ukutani nyuso za wagombea zimepangwa mpaka darini, wa vyama vyote, wanacheka pamoja. Feni inazunguka, wino unanuka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta. Ami akaiweka brosha mezani.

"Kijana anataka kusomea hii. Ina maisha?"

Hakuisoma. Aliichukua akaenda nayo mlangoni penye jua, akaipindua huku na huku. Akarudi, akafungua droo akatoa lenzi, ile ya kubana jichoni wanayotumia mafundi saa, akanipa.

"Tazama jina la chuo. Herufi ya kwanza."

Nikainama. Herufi ambayo kwa macho matupu ilikuwa ya buluu, chini ya lenzi ilikuwa na ukingo wa waridi upande mmoja, na upande wa pili imeota kivuli cha samawati. Nikasogeza. Zote zilikuwa vile. Hata tabasamu la msichana wa kwenye picha lilikuwa na midomo miwili, mmoja umeteleza kando ya mwenzake.

"Wino ni rangi nne," fundi akasema. "Samawati, waridi, njano, nyeusi. Kila moja inapita peke yake. Zikikosa kukutana, ndiyo hayo. Na picha hiyo wameitoa kwenye intaneti. Ya kuchapa inataka nukta 300 kwa inchi, wao wamechukua kijipicha wakakivuta." Akaifunga brosha taratibu. "Chuo cha usanifu. Na hii ndiyo kazi waliyojifanyia wenyewe."

"Kwa hiyo asiende?" Ami akauliza.

"Sijasema asiende. Aende akaulize. Wana usajili wa NACTE, lile baraza la elimu ya ufundi? Mwanafunzi anakaa na kompyuta yake au wanakaa watatu watatu? Mwalimu akitoka darasani anafanya kazi gani? Na waliomaliza, waniletee kazi zao, vyeti wakavitundike sebuleni."

Hapo akaingia mama mmoja na kipande cha kitambaa cha kijani, sare ya harusi ya bintiye. Anataka kadi za mwaliko, rangi ile ile, isipungue isizidi. Fundi akaiweka rangi kwenye kioo, mama akafurahi. "Usifurahi bado," akamwambia, "kwenye kioo ni mwanga, kwenye karatasi ni wino." Akachapa kijipande, mama akakilaza juu ya kitambaa, akatikisa kichwa. Fundi akaongeza njano, akachapa tena. Mama akaguna. Tukakaa pale mpaka adhuhuri inaadhiniwa, kijani juu ya kijani, na mimi sijasikia njaa. Baba alipoambiwa habari hiyo baadaye, hakuona kilichokuwa cha ajabu.

Tulipoaga, fundi alimwambia Ami: "Kuhusu ajira mimi usiniulize. Sijawahi kuajiriwa."

Yaliyofuata hayana urefu. Nilikwenda chuo kingine, brosha yao ilikuwa fotokopi nyeusi na nyeupe. Tulisomeshwa Flash muhula mzima, teknolojia ya uhuishaji wa kwenye wavuti ambayo tayari Apple walikuwa wameikatalia kwenye iPhone, na mwisho wa 2020 Adobe wakaizika. Kuchora kwa mkono, kupanga herufi, kujua mwanga unatoka wapi, hayo ndiyo yanayonilisha hadi leo. Nimehariri video za harusi, nimepanga ripoti za mashirika, nimechora matangazo ya unga. Kuna miezi ya neema na kuna miezi ya kuikodolea simu macho. Wenzangu wa ualimu walipangiwa vituo kweli, lakini wadogo zao wenye shahada zile zile wanasubiri ajira miaka. Sasa nani alichagua vizuri?

Mpwa wangu anaweza kuanza na cheti, ngazi ya NTA 4, akapanda hadi ya 6 akapata stashahada. Hilo naweza kumwandikia kwa uhakika. Lakini siku hizi kuna programu unaiandikia sentensi inakuchorea bango, na sijui akimaliza atazikuta zimefika wapi. Yale maswali ya fundi nitampa, pamoja na kumkumbusha shikamoo.

Baba naye, wageni wakimuuliza habari zangu, huwaambia niko Dar nahangaika na kompyuta, Mungu akijalia nitapata kazi. Huwaambia hivyo akiwa barazani kwake, chini ya mabati niliyoyanunua kwa hela ya mabango ya uchaguzi wa 2015.