Siku moja Ugogoni: mimi, Baba Neema na madumu manne ya maji

Agosti ya Dodoma ina baridi ambayo mtu wa Muheza haiamini mpaka imkute. Saa 11 alfajiri nimeamshwa na upepo unaopita chini ya mlango, na pia kwa sababu Baba Neema amevuta blanketi lote upande wake, kama anavyofanya mwaka wa 37 sasa. Nikavaa sweta, nikajitanda kitenge juu yake, nikatoka nje kuwasha jiko la mkaa. Chai ya tangawizi kwanza, sala baadaye. Mungu anatujua.

Kwa wasiotufahamu, sisi ni wastaafu. Mimi nilikuwa muuguzi mkunga, mwenzangu mwalimu wa hisabati wa sekondari. Alitangulia yeye kufikisha miaka 60, nikafuata mimi, na kabla hatujazoea kukaa barazani kanisa likatuomba tuje huku Chamwino, upande wa Mvumi, tujitolee miaka miwili. Mshahara hakuna. Tumepewa nyumba ya vyumba viwili na stoo, pikipiki iliyokwisha kuona mengi, na baraka. Kula tunakula pensheni yetu.

Watu walituonya juu ya vumbi na maji ya chumvi. Hakuna aliyekumbuka kutuambia kwamba miaka yote hiyo ya ndoa hatujawahi kushinda pamoja kutwa nzima. Mimi zamu za usiku, yeye shuleni, Jumamosi tuisheni, Jumapili kila mtu na kamati yake. Tulikuwa tunapishana mlangoni kama wapangaji. Sasa tuko wawili toka kunakucha mpaka taa izimwe, na kila mmoja ana maoni kuhusu namna mwenzake anavyokoroga chai.

Saa 12 kamili mwinjilisti akagonga kengele. Kengele yenyewe ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini. Tulikuwa watu saba kwenye sala ya asubuhi, wanane ukihesabu mbuzi aliyesimama mlangoni mpaka amina ya mwisho. Sisi ni Waanglikana wa Tanga, watoto wa UMCA, wale wamisionari wa Kiingereza waliotuletea kanisa kule kwetu: tumelelewa na ubani na ishara ya msalaba, na kiongozi wa ibada tunamwita Padri. Huku walifika CMS, wamisionari wengine wa Kianglikana, walioingia Ugogoni kwa njia ya Mpwapwa miaka ya 1870, na ibada yao haina mbwembwe. Kanisa ni lile lile, desturi mbali kabisa. Jumapili yetu ya kwanza Baba Neema alijipiga ishara ya msalaba, watoto wa mbele wakamwangalia wakidhani anafukuza nzi. Na nzi walikuwepo, siwalaumu.

Saa 1 na robo, bombani. Bomba la kijiji hufunguliwa saa 1 na hakuna anayejua litafungwa saa ngapi, kwa hiyo foleni ya madumu hupangwa tangu usiku. Madumu yanalala pale, wenyewe wanalala majumbani. Shilingi 50 kwa dumu la lita 20. Tunachota manne. Mwanzoni wanawake walikuwa wananipisha mbele kwa heshima ya mvi zangu, nikakataa, kwa sababu kwenye foleni ndiko ninakopata habari zote: nani kajifungua, nani kalala na homa, mtoto wa nani ana macho mekundu. Nikisalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", wanacheka, naona bado naimba Kibondei, lugha ya kwetu Muheza, ndani yake. Ikitokea bomba halina kitu, wanawake wanashuka korongoni kufukua mchanga mpaka maji yachimbuke, kazi ya nusu siku. Nimeshuka nao mara mbili. Mgongo wangu ulikaa wiki unanikumbusha.

Baba Neema ndiye anayesukuma baiskeli yenye madumu. Alinieleza kwamba mimi nafunga kamba vibaya. Nikamwambia afunge yeye. Akafunga, dumu moja likaanguka njiani.

Saa 3 asubuhi huwa nakaa na akina mama wenye watoto wadogo chini ya mwarobaini. Somo ni moja tu tangu nifike: kunawa uso. Vikope, kwa lugha ya hospitali trakoma, ni ugonjwa wa macho wa zamani sana katika nchi hii kavu, na unasafiri kwa nzi, kwa vidole, na kwa pindo la khanga. Pindo la khanga ndilo adui yangu mkubwa. Mama anampangusa mtoto wa kwanza tongo, anampangusa wa pili makamasi kwa pindo lile lile, halafu anajifuta machozi yake mwenyewe. Ndiyo maana wanawake huumia zaidi ya wanaume.

Lakini utamwambiaje mtu aliyefukua mchanga kupata maji kwamba anawe uso mara mbili kwa siku? Kwa hiyo sihubiri. Nachukua kikombe kimoja cha chai, nanawisha watoto watatu mbele yao kwa maji yale yale ya kikombe kimoja, nikimimina kidogo kidogo, nao wanahesabu kwa sauti. Leo mama mmoja alinishinda: alinawisha wanne. Tukapiga vigelegele. Vibuyu chirizi, yale madumu madogo yenye tundu la kunawia, tumeshavitundika kwenye nyumba kadhaa, vingine watoto wameshavifanya mpira.

Saa 5 tulikwenda kwa bibi mmoja ambaye sitamtaja. Hii ndiyo sehemu ya siku iliyonifanya niandike.

Ni mjane, anaishi na mjukuu wa kike. Vikope vyake ni vya siku nyingi. Makovu yamekunja ukope kwa ndani, na kila akipepesa, kope zinakwaruza mboni. Anakaa ameinamisha kichwa, khanga usoni, kwa sababu mwanga unamchoma. Kwenye fundo la khanga amehifadhi kibanio cha chuma, na jioni mjukuu humng'oa kope moja moja. Inampa nafuu siku chache, halafu zinaota tena, fupi na ngumu zaidi. Upasuaji wa kugeuza ukope si mkubwa: unachomwa sindano ya ganzi, wanakata kidogo, wanashona. Hospitali ya Mvumi ina kitengo cha macho cha siku nyingi, si mbali. Nimemweleza haya mara nne, mjukuu akitafsiri kwa Kigogo, na mara nne amenijibu kwamba ndugu yake alipelekwa hospitali ya mbali kwa ajili ya mguu, hakurudi.

Leo sikusema kitu. Tulikaa tukimbangulia karanga. Nilitegemea Baba Neema atoe mhadhara, maana mwalimu hastaafu, lakini naye alibangua tu. Halafu, bila kumtazama mtu, akaanza kumsimulia bibi habari za jicho lake la kulia, alipotolewa mtoto wa jicho miaka mitatu iliyopita. Kwamba usiku ule wa kuamkia upasuaji hakulala. Kwamba aliingia chooni akafungulia bomba ili asisikike, akalia.

Mjukuu akatafsiri. Bibi akainua uso kwa mara ya kwanza tangu tufike, akamtazama kwa lile jicho lisilomwuma sana, akauliza: mzee mzima, ulilia?

Nami nilikuwa nauliza swali hilo hilo kimoyomoyo. Usiku ule nilikuwa nyumbani, nilisikia lile bomba likitiririka. Nilimgongea mlango nikamwambia aache kumaliza maji.

Tulirudi kwa miguu bila kuongea. Kwenye kona ya mbuyu nikamshika mkono, akauliza kama nimejikwaa. Nikasema ndiyo.

Mchana: ugali wa uwele na mlenda. Nimeupenda mlenda, nasema kweli, ila mara moja moja roho inaililia bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki wa nazi. Neema alipokuja kututembelea alituletea nazi tano. Alitoka Dar mpaka Dodoma kwa treni ya umeme chini ya saa nne, halafu akatumia karibu saa tatu kutoka Dodoma kufika kwetu, basi lilipata pancha. Nazi zimebaki moja, nimeificha mahali Baba Neema hapajui.

Saa 9 alasiri yeye ana darasa la saba, wanaojiandaa na mtihani wa Septemba. Leo ilikuwa hesabu za sehemu. Anawafundisha kwa kugawana madumu: dumu moja, kaya tatu, kila kaya inapata lita ngapi? Binti mmoja akajibu kwamba inategemea nani kafika bombani kwanza. Nilimsikia Baba Neema akicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa nafua, na kwa maji haya ya chumvi sabuni inayeyuka yote bila kutoa povu, kwa hiyo sina cha ziada cha kusimulia.

Saa 12 jioni kwaya ilikuwa na mazoezi. Wagogo hawaimbi, wanafuma. Sauti moja inaondoka, nyingine inaingia chini yake, na zeze la mzee mmoja linakwangua katikati. Huwa nakaa nje tu, kwenye tofali, nasikiliza huku vumbi la ng'ombe wanaorudi zizini likigeuka rangi ya machungwa.

Saa 2 usiku, baada ya kula, mlango ukagongwa. Mjukuu wa bibi, kajifunika shuka. Bibi anasema atakwenda Jumatano, ila ana masharti. La kwanza, yule mzee aliyelia afuatane naye, mimi nisije, maana nitaongea. La pili, mbuzi wake wawili wasilale peke yao usiku huo, walale kwetu.

Baba Neema akauliza watalala wapi, nyumba yenyewe hii. Nikachukua taa, nikamfungulia stoo anakopanga vitabu vyake vya hisabati. Akasimama pale mlangoni kwa muda, kisha akaanza kuvihamishia chumbani, vitatu vitatu, upande wangu wa kitanda.